Uwindaji wa kitalii: tuonyesheni hesabu za kila kitalu

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa uwindaji wa kitalii unapozuka kwenye kurasa zenu, kila upande huja na namba yake mfukoni. Wanaoutetea hutaja Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Utafiti uliolinganisha sensa za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni ulionyesha kuwa wanyamapori wakubwa wa nchi hiyo walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Wanaoupinga hutaja Tanzania yenyewe: vitalu (maeneo ya pori yanayogawiwa kampuni za uwindaji) vilikuwa wazi, wageni walikuwa wanalipa, na bado tembo walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Namba zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayosema lolote kuhusu risasi ya mwindaji mwenye leseni. Kule Kenya wanyama walibanwa na mifugo, mashamba, uzio na makazi. Huku kwetu tembo walimalizwa na majangili wa meno. Eneo la Pori la Akiba la Selous na Mikumi peke yake lilishuka kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013.

Naomba nafasi ya kuupeleka mjadala huu ndani ya kitalu, maana huko ndiko mambo yanakoharibika au kutengenea. Sheria ni moja, ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na msimamizi ni mmoja, TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, lakini kitalu kimoja simba wanazidi na cha jirani wanakwisha. Sababu zinajulikana na zinapimika.

Nianze na simba, ndiye anayebebeshwa ugomvi wote. Dume huondoka kwenye kundi alilozaliwa akiwa na umri wa kati ya miaka miwili na minne. Huzurura na ndugu zake huku akiwakwepa madume wenye eneo, mpaka apate nguvu za kuteka kundi la majike. Mara nyingi hapo ameshafika miaka minne au mitano. Akishateka, huua watoto wachanga wa dume aliyemfukuza ili majike warudi kwenye joto mapema. Mimba ya simba ni kama siku 110. Watoto nao huhitaji karibu miaka miwili ya kulindwa kabla ya kujitegemea. Jumlisha sasa: miaka minne ya kukua, miezi karibu minne ya mimba, miaka miwili ya malezi. Umeshavuka sita. Ndiyo maana kanuni zetu zinataka simba anayewindwa awe dume mwenye umri wa miaka sita au zaidi. Mtu aliyeweka sita hakuiokota barabarani.

Ukimpiga dume wa miaka minne aliyeteka kundi mwaka huu, hesabu haiishii kwa simba mmoja. Madume wengine wanaingia, wanaua watoto wake, na msimu unaofuata mgeni mwingine anampiga dume mpya ambaye naye ni kijana. Baada ya miaka mitatu ya mtindo huo majike wapo na wamenona, ila hakuna mtoto anayefikisha mwaka. Anayepita na gari atasema kitalu kina simba. Kinao kweli, isipokuwa hakina kizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliotumia kumbukumbu za simba wa Serengeti, ulionyesha kuwa wawindaji wakiwaacha madume wote mpaka wapite umri huo, hata idadi ya leseni haiwi na madhara makubwa. Umri ukivunjwa, hata kota ndogo, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kupigwa kwa mwaka, inaumiza.

Sasa utamjuaje wa miaka sita akiwa amesimama kwenye nyasi, saa kumi na mbili jioni? Kipimo kinachotajwa zaidi ni pua. Mtoto huzaliwa na pua ya waridi, madoa meusi yakaongezeka mwaka hadi mwaka, na kwa simba wa Serengeti nusu ya pua huwa nyeusi akikaribia miaka mitano au sita. Kipimo kizuri, lakini si cha kutegemewa peke yake: pua huwa na matope, damu ya mzoga na makovu, na kasi ya kubadilika kwa rangi hailingani kila mahali. Manyoya ya shingo yanadanganya zaidi. Kwenye joto manyoya huwa mafupi, ndiyo maana dume mzee wa Selous anaweza kuonekana kama kijana, na kijana wa nyanda za juu zenye baridi akaonekana mzee wa heshima. Mwindaji bingwa (yule wa kampuni anayemwongoza mgeni) akiwa makini huangalia vyote kwa pamoja: pua, makovu ya uso, rangi na kuchakaa kwa chonge akipiga miayo, tumbo lililolegea, manyoya yaliyofika kifuani na kwenye viwiko vya miguu ya mbele. Halafu huangalia anaishi na nani. Dume aliye na majike wenye watoto huachwa, hata kama umri wake unaruhusu.

Makosa hutokea siku za mwisho. Safari ya simba kwa desturi ilikuwa ya siku 21. Siku ya tatu kila mtu ana subira. Siku ya kumi na tisa mgeni ameshalipa makumi ya maelfu ya dola, chambo kimenuka, na dume pekee aliyejitokeza ana pua yenye waridi nyingi kuliko weusi. Askari wa wanyamapori aliyeambatana nao ndiye mwenye neno la serikali pale porini, lakini amelala kambi ya kampuni, amepanda gari la kampuni na amekula chakula cha kampuni. Simlaumu. Tunamtaka awe hakimu kwenye nyumba ya mshitakiwa.

Dawa ni uthibitisho usiotegemea macho ya mtu mmoja. Kabla ya kupiga, kamera za mitego zifungwe kwenye chambo kwa siku kadhaa, na picha za uso kutoka mbele na za pande zote mbili zihifadhiwe zikiwa na tarehe. Baada ya kupiga, fuvu lisiondoke nchini kabla ya kupimwa. Gego dogo la juu, lile lililo karibu na chonge, likipigwa picha ya eksirei huonyesha uwazi wa ndani ya jino: kwa simba kijana uwazi ni mpana, kadiri anavyozeeka unaziba. Hapo hapana ubishi wa manyoya. Matokeo yakishapatikana yafungwe kwenye kota ya mwaka unaofuata: kitalu kilichopiga wazee kisipunguziwe, kilichopiga vijana kikatwe. Mfumo wa aina hiyo upo kwenye vitabu vyetu. Kinachokosekana ni mwananchi kuona kitalu gani kilipata alama gani.

Kota yenyewe nayo ina yake. Mwaka 2011 watafiti waliopitia takwimu za uwindaji Tanzania walionyesha kuwa idadi ya simba waliopigwa nchini ilishuka kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na maeneo yaliyoanza kwa kupiga wengi ndiyo yaliyoporomoka zaidi. Pendekezo lao lilikuwa simba wasiozidi 0.5 kwa kila kilomita za mraba 1,000 kwa mwaka, isipokuwa Selous ambako wangeweza kufika mmoja. Geuza iwe lugha ya kitalu. Kitalu cha kilomita za mraba 1,000 nje ya Selous kinapata simba mmoja kila baada ya miaka miwili. Kitalu cha kilomita za mraba 600 kinapata mmoja kwa zaidi ya miaka mitatu. Lakini nani atalipia kitalu ambacho simba wake ni mmoja kwa miaka mitatu? Hapo ndipo mtego ulipo. Miaka ya nyuma vitalu vikubwa vilikatwa vipande, na mnyama aliyekuwa wa kitalu kimoja akaandikwa kwenye karatasi mbili. Juu yake kwa miaka mingi ikawekwa kanuni kwamba kampuni itumie angalau asilimia 40 ya thamani ya kota yake, au ilipie kilichopungua. Kwa Hazina ilikuwa na mantiki. Kwa simba, ilimaanisha kwamba mwaka ambao porini hakuna dume wa kupigwa, kampuni iliyojizuia inatozwa kana kwamba imepiga.

Watu huuliza kwa nini tusihesabu kwanza ndipo tugawe. Kwa tembo na nyati inawezekana. Ndege ndogo huruka kama mita 100 juu ya ardhi kwenye mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa. Fimbo mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa humpa mhesabuji ukanda wa takriban mita 150 kila upande. Anahesabu walio ndani ya ukanda tu, makundi makubwa yanapigwa picha, kisha idadi inakuzwa kwa uwiano wa eneo zima. Matokeo yana kosa la makadirio, na eneo likiwa dogo kosa linakuwa kubwa. Kwa hiyo sensa nzuri ya mfumo mzima wa ikolojia haiwezi kukatwa vipande ikakupa idadi ya nyati wa kitalu kimoja. Simba ndiyo kabisa: mchana amelala chini ya kichaka, ndege haimuoni. Huhesabiwa kwa nyayo barabarani, kwa kuitwa usiku kwa sauti ya mnyama anayelia, au kwa kamera. Kazi hiyo ni ya wiki nyingi na ina gharama. Isipofanyika, kota ya mwaka huu hupangwa kwa kutazama waliopigwa mwaka jana, na hiyo ni sawa na kukadiria akiba ya debe kwa kuhesabu vibaba ulivyokwisha kuchota.

Chui nimtaje kwa ufupi, ingawa hali yake inanitia wasiwasi kuliko ya simba kwa sababu hakuna anayempigia kelele. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Tanzania imekuwa na kota ya kusafirisha nyara za chui 500 kwa mwaka. Anayeruhusiwa ni dume tu. Hata hivyo vipimo vya vinasaba kwa nyara 77 za chui waliopigwa nchini kati ya 1995 na 1998 vilionyesha kuwa asilimia 28.6 walikuwa majike. Ukijua uwindaji wa chambo hushangai. Nyama hufungwa juu ya tawi ili fisi asiifikie, wawindaji hukaa kwenye maficho, na chui huja giza linapoingia. Unaona kivuli tu. Kichwa kipana, shingo nene na ngozi inayoning'inia kooni ni dalili za dume, lakini dume kijana hana hata moja kati ya hizo. Tawi likichaguliwa vizuri, lile linalomlazimisha chui apite juu akiwa ameonekana ubavu na nyuma, na kamera ikikaa pale usiku kadhaa kabla ya mtu kuketi kwenye maficho, korodani zitaonekana au hazitaonekana. Zisipoonekana, chambo kinaachwa. Ni hilo tu, wala halihitaji sheria mpya.

Fedha. Hapa ndipo wengi hudhani wanajua. Mgeni hulipa kampuni, na sehemu kubwa ya malipo hayo ni ya huduma: kambi, magari, mwindaji bingwa, ndege. Serikali huchukua ada ya kitalu, ada ya mnyama, vibali na tozo nyingine. Kitalu kikiwa ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani WMA, fungu hurudi kwa jumuiya, na jumuiya inatakiwa kuvipa vijiji wanachama angalau nusu ya mapato yake. Kwenye karatasi ni mteremko mzuri. Kwa vitendo maji hukwama sehemu tatu. Kwanza, fedha huchelewa, na mkutano wa kijiji hauwezi kupanga bajeti ya zahanati kwa fedha ambayo haijulikani itakuja lini. Pili, kijiji hupokea jumla bila mchanganuo. Hakijui kama nyati waliopigwa ni kumi au thelathini, kwa hiyo hakiwezi kugundua kama kimepunjwa. Tatu, na hili halisemwi sana, mara nyingi mgawo ni sawa kwa sawa. Kijiji kilicho kando ya lami, ambacho simba wanakisikia redioni, kinapata sawa na kijiji cha mpakani mwa pori ambacho ng'ombe wake wanaliwa kila mwezi.

Kijiji hicho cha pili ndicho kinachoamua hatima ya simba. Kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mali, kujeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, hutoka kwenye mfuko mwingine na kwa utaratibu mwingine, vikiwa na fomu na safari za kwenda wilayani. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu haoni uhusiano wowote kati ya simba huyo na darasa lililojengwa kijiji cha jirani. Anaona mzoga. Sumu ya wadudu ya kumwaga juu ya mzoga huo inapatikana kirahisi, na mzoga mmoja wenye sumu unaua kundi zima la simba, majike na watoto, pamoja na fisi na tumbusi kwa makumi. Hakuna mtalii mwenye leseni anayeweza kufanya madhara ya aina hiyo kwa msimu mzima. Kwa hiyo fungu la WMA likielekezwa kwanza kwenye mazizi imara ya vijiji vya mpakani (wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti hai inayochipua, ambayo mchwa hawaili kama nguzo kavu) litaokoa simba wengi kuliko darasa, hata kama darasa ndilo linalopendeza kwenye picha ya uzinduzi.

Kwa wenzetu wanaotaka uwindaji ufutwe kesho: tafadhali jibuni swali la kitalu kilichoachwa. Mwezi Aprili 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na mwanzoni mwa 2016 ikakaza masharti ya simba. Vitalu vingi vilirudishwa serikalini miaka iliyofuata. Kitalu kisicho na kampuni hakina gari la doria wala barabara inayofyekwa baada ya mvua. Wanaoingia ni wachoma mkaa, makundi ya ng'ombe na watega nyaya. Waya wa breki hauchagui umri wala jinsia. Kusema watalii wa picha watachukua nafasi hiyo ni rahisi kwa anayeijua Serengeti tu. Vitalu vingi viko kwenye miombo: miti imesongamana, mbung'o wa kutosha, wanyama wametawanyika, na uwanja wa ndege uko mbali. Mtalii wa picha hukaa huko siku moja akaomba arudishwe.

Na kwa wenzetu wa upande wa pili, wanaosema uwindaji unajilipia ulinzi wake: ni kweli pale tu fedha inapobaki porini. Selous ilikuwa na utaratibu wa kubakiza nusu ya mapato yake kwa ajili ya doria. Utaratibu huo ulipodhoofishwa katika miaka ya 2000, petroli na posho zikapungua, na majangili wakaiona nafasi kabla ya wizara. Mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wageni waliendelea kuwinda muda wote huo. Bunduki ya mgeni haikuleta ujangili, lakini dola yake haikuuzuia pia, kwa sababu ilikuwa imeshasafiri kwenda mjini.

Liko pia suala la tembo wa mpakani. Kati ya Septemba 2023 na mwanzoni mwa 2024 madume wasiopungua watano walipigwa eneo la Enduimet, wilayani Longido, upande wetu wa mfumo wa Amboseli na Kilimanjaro Magharibi. Walipigwa kihalali. Kelele za Nairobi zilikuwa kubwa kwa sababu tangu katikati ya miaka ya 1990 yalikuwepo maelewano yasiyoandikwa ya kuwaacha tembo wa eneo hilo, ambao wamekuwa wakitambuliwa mmoja mmoja na watafiti tangu 1972. Huku wengine wetu tulijibu kwa uzalendo: wakiwa kwetu ni wetu. Sawa, lakini kanuni yetu ya kupima tembo kwa meno, jino la kilo 20 au urefu wa sentimita 160, haikutungwa kwa ajili ya eneo lenye madume wachache wenye meno makubwa. Dume anaweza kufikisha kilo 20 kabla hajaingia umri wa kuzaa sana, unaoanza kwenye miaka 35 na kuendelea hadi karibu 50. Na theluthi ya jino imefichwa ndani ya fuvu, kwa hiyo anayekadiria uzito kwa darubini anakadiria pia asichokiona. Kwa eneo kama Enduimet ingefaa orodha ya madume kwa picha za masikio, inayotumiwa na pande zote mbili za mpaka, na kota inayotaja ni dume yupi badala ya kutaja idadi.

Ombi langu kwa Wizara na TAWA ni dogo na halihitaji Bunge. Msimu huanza Julai mosi. Kabla ya tarehe hiyo, kila kitalu kitolewe karatasi moja ya msimu uliopita, iwekwe mtandaoni na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila kijiji kinachopakana nacho: ukubwa wa kitalu kwa kilomita za mraba, kota ya kila mnyama na waliopigwa, waliojeruhiwa wakapotea wakihesabiwa humo, siku zilizotumika kumtafuta kila simba na chui, umri wa kila simba baada ya jino kupimwa, jinsia ya kila chui, idadi ya siku za doria na nyaya zilizong'olewa, kiasi kilicholipwa serikalini na kiasi kilichorudi. Safu ya mwisho iwe tarehe ambayo fedha iliingia kwenye akaunti ya kijiji.

Msomaji wenu,
Iringa